Je, Mwenye Nguvu Astahili Sifa?

Jambo dogo limetokea katika usharika wetu, nalo limetuletea swali kubwa. Nyuma ya nyumba moja karibu na kanisa vijana wamejitengenezea chuma cha kunyanyua. Walichukua bomba kuukuu la maji, wakatia kopo katika kila ncha, wakayajaza makopo hayo zege. Kila jioni, kazi ya shamba na ya mjini ikiisha, hukusanyika hapo wakapimana nguvu. Siku moja tulipita tukawakuta wanabishana. Mmoja wao alikuwa amekinyanyua chuma kilichowashinda wenzake wote, na watoto walikuwa wakimshangilia. Ndipo kijana mwembamba, afundishaye watoto siku ya Jumapili, aliposema, "Mwamsifia nini? Nguvu amezaliwa nazo. Mkuyu nao ni mnene, wala hatuupigii makofi." Yule mwenye nguvu akajibu kwa uchungu, "Mimi nimetoka jasho miaka miwili hapa, nawe ulikuwa umekaa." Kisha wote wakatugeukia sisi tuwaamue.

Tuliwaambia ya kuwa tutawajibu, tukaenda zetu, maana kwa kweli hatukuwa na jibu. Tangu siku ile tumelifikiri neno hili sana, na leo twataka kulilipa deni letu mbele yenu nyote. Kwa maana swali lenyewe si la vijana tu. Kila mahali watu husifu mwenye nguvu, mwenye akili, mwenye sauti nzuri. Je, sifa hiyo ni ya haki? Tena, sifa hiyo humfanyia nini yeye asifiwaye?

Tumeona vema kulitafuta jibu katika maisha ya mtu mmoja ambaye wapenda mchezo huu wa kunyanyua vitu vizito wamjua sana. Jina lake ni Paul Anderson, naye alizaliwa mwaka 1932 katika mji mdogo wa Toccoa, jimbo la Georgia, Marekani. Alipokuwa mtoto alishikwa na ugonjwa wa figo, na ugonjwa huo, kama tutakavyoona, haukumsahau. Walakini alikua akawa mtu mpana ajabu, asiye mrefu sana, mwenye mapaja kama magogo. Hakuwa na vyombo vya fahari vya kufanyia mazoezi. Alitumia magurudumu ya chuma, na mapipa na sanduku la chuma yaliyojazwa zege, sawa na vijana wetu na makopo yao.

Tena alibuni njia moja ambayo mkulima yeyote wa mlimani ataifahamu. Alichimba shimo, akasimama ndani yake, ili chuma kizito kilicholazwa ukingoni kiwe juu karibu na mabega yake, naye apate kukiinua kwa hatua ndogo tu. Kisha siku kwa siku alirudisha udongo kidogo shimoni. Shimo lilipopungua kina, ilimbidi kuinama zaidi kabla ya kuinuka na mzigo. Hivyo, sepetu moja ya udongo baada ya nyingine, mwili wake ulizoea uzito ambao hapo kwanza usingeweza kuuchukua. Haba na haba, wahenga walisema, hujaza kibaba. Naye Anderson alijaza shimo.

Mwezi wa Juni mwaka 1955 alipelekwa Moscow pamoja na wanyanyuaji wenzake. Siku zile Wamarekani na Warusi hawakupatana. Mvua ikinyesha, mbele ya maelfu ya watu, alisukuma chuma cha kilo 182.5 kutoka kifuani hata juu ya kichwa. Warusi walimshangilia mgeni huyo, wakamwita ajabu ya maumbile. Mwaka ule ule, huko Munich, Ujerumani, akawa bingwa wa dunia wa uzito wa juu.

Mwaka uliofuata yalikuwapo Mashindano ya Olimpiki mjini Melbourne, Australia. Zamani zile mashindano yalikuwa ya namna tatu: kusukuma chuma kutoka kifuani kwa nguvu ya mikono, kukinyakua toka chini hata juu ya kichwa kwa mara moja, na kukipandisha kifuani kwanza, kisha kukitupa juu kwa msaada wa miguu. Uzito wa namna zote tatu ulijumlishwa. Anderson alifika uwanjani ana homa, mwili umepungua. Humberto Selvetti wa Argentina alikuwa amekwisha kupata jumla ya kilo 500. Ili alingane naye, Anderson alipaswa kuinua kilo 187.5 katika namna ya mwisho. Alijaribu mara ya kwanza, akashindwa. Alijaribu mara ya pili, akashindwa. Mara ya tatu, ambayo ndiyo ya mwisho iliyoruhusiwa, chuma kilipanda.

Basi wote wawili wakawa na kilo 500, hakuna aliyemzidi mwenzake hata kwa kilo moja. Ni nani atakayepewa dhahabu? Sheria ya mchezo siku zile ilisema ya kuwa wakilingana, mwenye mwili mwepesi ndiye mshindi. Wakapimwa. Selvetti alikuwa na kilo 143.5, na Anderson kilo 137.9. Dhahabu ikawa ya Anderson kwa tofauti ya kilo 5.6 za nyama, wala si za chuma.

Ndugu zetu, tusipite hapa upesi. Maana hapa ndipo swali la vijana wetu linapokaa. Tukisema ya kwamba Anderson astahili sifa kwa kuwa alizaliwa na nguvu, yule kijana mwembamba atatushinda. Hakuna mtu aliyejichagulia mifupa yake. Tukisema astahili kwa kuwa alitoka jasho, twasema kweli, kwa maana shimo lile halikujijaza lenyewe. Walakini Selvetti naye alitoka jasho. Siku ile aliinua uzito ule ule, akarudi kwao na medali ya fedha. Kama sifa ni malipo ya jasho, mbona wawili waliolingana hawakulipwa sawa? Tena, homa ile ile iliyomdhoofisha Anderson ndiyo iliyompunguza mwili akawa mwepesi. Nani atakayesema ya kuwa kupungua kwa homa ni wema wa mtu?

Wengine watasema, "Basi mchezo huo ni udhalimu na upuzi, tuuache." Sisi hatusemi hivyo. Sheria ilijulikana na wote kabla ya kuanza, tena ilikuwa moja kwa wote, hakuna aliyedhulumiwa. Zaidi ya hayo mchezo una mafundisho yake. Chuma hakina upendeleo, hakijui jina la baba yako wala kabila yako. Hakimpi mtu rushwa wala hakipokei. Humwambia mtu kweli juu ya nguvu zake, nasi tulio wengi hatuna rafiki wa namna hiyo. Mtu aliyeshindwa mara mbili mbele ya watu wote, akarudi mara ya tatu, amejifunza jambo ambalo hotuba zetu nyingi haziwezi kulifundisha.

Neno letu ni hili: mizani ya mchezo hupima chuma, haimpimi mtu. Medali yatuambia ni nani aliyeshinda. Haituambii ni nani aliye mwema, wala ni nani aliyejitahidi kuliko wote. Kosa letu sisi watazamaji ni kuichukua mizani ya uwanjani na kwenda nayo nyumbani, tukapimie watu.

Hata sifa ya rekodi yenyewe haikai. Kwa kuwa Anderson alipokea fedha kwa kuonyesha nguvu zake, hakuruhusiwa kushindana mwaka 1960 huko Roma. Dhahabu ilichukuliwa na Mrusi Yuri Vlasov kwa kilo 537.5. Mwaka 1970 Vasily Alekseyev, Mrusi mwingine, akawa mtu wa kwanza kuvuka jumla ya kilo 600. Na mwezi wa Desemba 2021 Lasha Talakhadze, wa nchi ya Georgia iliyo kusini ya Urusi, aliinua kilo 267 kwa namna ile ya kupandisha na kutupa, ambayo Anderson alipata dhahabu kwa kilo 187.5. Tena yasimuliwa kwamba mwaka 1957 Anderson aliinua kwa mgongo kilo zaidi ya 2,800 zilizopangwa juu ya meza. Habari hiyo ilikaa miaka mingi katika kitabu cha rekodi, kisha ikaondolewa kwa kukosa uthibitisho wa kutosha. Mtu akijenga nyumba yake juu ya rekodi, amejenga juu ya mchanga wa mtoni.

Wala tusidhani ya kuwa nguvu ikiwa kubwa huleta wema pamoja nayo. Mji wetu wa Moshi ni shahidi. Katika miaka ya 1950 alikuwako Uganda askari mmoja mrefu, bingwa wa ngumi, aliyesifiwa sana kwa nguvu zake. Ndiye Idi Amin. Alitwaa serikali mwezi wa Januari 1971, na watu wengi mno waliangamia chini ya mkono wake. Mwezi wa Machi 1979 ilikuwa hapa Moshi walipokutana Waganda waliokimbia, washauriane jinsi nchi yao itakavyotawaliwa atakapoondoka. Mkono uliosifiwa ulingoni ndio uliokuja kuwapiga waliousifu. Samsoni naye, kama wasomaji wajuavyo, alikuwa na nguvu nyingi kuliko busara.

Basi, kama nguvu si wema, wala ushindi si kipimo cha mtu, kuna nini cha kusifu? Turudi kwa Anderson. Mwaka 1961 yeye na mkewe Glenda walifungua nyumba katika mji wa Vidalia, Georgia, kwa ajili ya vijana walioingia katika makosa, ili wasipelekwe gerezani bali wapate malezi, kazi na shule. Nyumba hiyo yahitaji chakula, nguo na walimu kila siku. Anderson alizunguka nchi yake mwaka hata mwaka, akiinua vitu vizito mbele ya watu, na kuhubiri, na kukusanya fedha za kuwalisha. Uzito aliouinua Melbourne aliutua baada ya nukta chache. Mzigo wa vijana hawa hakuutua kwa miaka 30 na zaidi. Nao haukuwa wake. Hakuwazaa vijana hao, wala si yeye aliyewakosesha.

Hapo ndipo tuonapo lile jambo ambalo sifa ya haki yaweza kulishika. Nguvu ni kama fedha za kuazima. Hatumsifu mtu kwa kuwa amekopeshwa nyingi. Twamsifu au kumlaumu kwa matumizi yake. Na matumizi yake yaliyo bora ni kuchukua mzigo usiokuwa wako. Mwembamba naye aweza hilo, kila mtu kwa kadiri yake. Kwa hiyo katika sifa hii hakuna anayefungiwa nje kwa sababu ya mifupa aliyozaliwa nayo.

Tungaliweza kukoma hapa, na vijana wetu wangaliridhika. Lakini limebaki neno moja, nalo latuhusu sisi wenyewe, wala si la kujivunia.

Miaka kadhaa iliyopita alikuwako katika usharika wetu kijana mkubwa wa mwili, mpole, aliyefanya kazi ya upagazi mlimani. Wasomaji wetu wa Marangu na Machame waijua kazi hiyo. Mgeni hupanda Kibo, mita 5,895, akiwa na mfuko mdogo mgongoni. Hema, chakula, majiko na maji huchukuliwa na watoto wetu, juu ya kichwa na shingo, katika baridi na hewa hafifu. Sheria ya hifadhi ni kilo 20 za mzigo wa msafara, mbali na vitu vyake mwenyewe mpagazi, na langoni huwekwa mizani. Mambo hayo si mapya. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni mwaka 1889, hawakufika bila mabega ya watu. Majina yao wawili yamo katika vitabu vyote, na majina ya wapagazi wao wengi hayajulikani.

Kijana huyo sisi tulimwita Samsoni. Tulimwita hivyo kwa mapenzi, na watu wote wakafuata. Tulipojenga nyumba ya mikutano, saruji ilishushwa barabarani, kwa kuwa gari halikuweza kupanda kwa ajili ya matope. Kila mwanamume alichukua mfuko mmoja wa kilo 50. Samsoni tulimtwika miwili. Wamama wakapiga vigelegele, sisi tukacheka kwa furaha, naye akapanda kilima mara nne, hata mara tano. Jumapili iliyofuata hakuonekana, wala ya pili. Tulipokwenda kwao tulimkuta amelala ubavu, hawezi kuinama. Ndipo mama yake alipotuambia ya kuwa alishuka mlimani jana yake ya siku ile ya saruji, mgongo ukimwuma tangu kambi ya mwisho.

Tukamwuliza, "Mbona hukusema?" Alijibu kwa sauti ndogo, "Baba Mchungaji, mlikwisha kuniita Samsoni. Ningesemaje kwamba ni mzito?"

Neno hilo halijatutoka moyoni. Tulidhani twampa heshima, kumbe twamfunga kinywa. Wahenga walisema, mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Maana yake sifa humharibu mtu kwa kiburi. Sisi tumejifunza ya kuwa kuna uharibifu wa pili usiotajwa na mithali hiyo: sifa yaweza kumharibu mnyenyekevu. Mwenye kiburi akisifiwa huacha kazi. Mnyenyekevu akisifiwa hawezi kuiacha hata ikimwua. Na wenye kusifu hupata faida, maana mzigo umechukuliwa nao hawakuuchukua. Mithali nyingine yasema kweli yote: mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Kwetu sisi tuliopiga makofi, saruji ile ilikuwa usufi.

Tazameni basi tofauti iliyopo. Huko Melbourne hakuna chuma kilichoinuliwa bila kupimwa kwanza na uzito wake kutangazwa kwa watu wote. Mnyanyuaji aliruhusiwa kushindwa mara mbili, wala hakuna aliyemwona mwovu. Huku kwetu, ni nani aliyepima mzigo wa majani ambao mama huupandisha kutoka tambarare hata kihambani kwa ajili ya ng'ombe? Ni nani aliyepima mkungu wa ndizi aendao nao sokoni Kiboriloni, na mtoto yuko mgongoni? Twasema tu, "Mama huyu ana nguvu," kisha twampita. Katika usharika pia, mwalimu mwenye bidii huongezewa mtaa wa pili na wa tatu, kwa kuwa "yeye aweza." Sifa imekuwa kamba ya kumfungia mzigo.

Na mwisho wa Anderson watufundisha neno lile lile. Ugonjwa wa figo wa utotoni ulimrudia. Mwaka 1983 huyo aliyeitwa mwenye nguvu kuliko watu wote duniani alikuwa karibu na kufa, naye aliishi kwa sababu dada yake alimpa figo yake moja. Akaongezewa miaka kumi na zaidi, akafa mwaka 1994. Hakuna aliyehesabu kilo za figo ile. Ni nyama ndogo, hutoshea kiganjani. Lakini bingwa hakupata kuinuliwa na kitu kikubwa kuliko hicho. Kama angaliona haya kusema, "Siwezi peke yangu," asingaliishi.

Basi, vijana wetu wapendwa, jibu letu ndilo hili. Wewe mwembamba umesema kweli: nguvu ni kipaji, wala hakuna ajisifuye kwa kipaji. Nawe mwenye nguvu umesema kweli: jasho ni lako, na jasho ni kitu cha heshima. Endeleeni kunyanyua chuma chenu, mfurahi. Mkitaka kusifiana, sifianeni kwa mizigo ya wengine mliyoichukua. Lakini kabla ya kumsifu mtu aliyejitwika, mwulizeni kwanza, "Mzigo wako ni kilo ngapi? Je, waweza?" Na akisema, "Ni mzito," msimcheke, bali shikeni upande wa pili.

Kuhusu yule ndugu yetu, mgongo wake ulipona kwa sehemu, naye sasa analima mboga kando ya mfereji. Mizigo mizito haichukui tena. Tulimwomba radhi, akatusamehe. Jina lile la Samsoni tumeliacha. Twamwita kwa jina alilopewa na baba yake.